Miaka kumi Minnesota na familia: kila mmoja wetu alihamia nchi yake

Mleta uzi:

Wakuu, habari za wakati huu.

Miaka yote, dirisha la bahati nasibu ya Green Card, kibali cha kuishi Marekani, lilipokuwa likifunguliwa Oktoba, jukwaa lilijaa maswali ya picha ipigweje na fomu ijazweje. Hayo yamejibiwa vya kutosha. Mimi nataka kuandika yale ambayo mtu mwenye mke na watoto haulizi, kwa sababu akili yake yote iko kwenye kupata. Sisi tulipata. Tulicheza Oktoba 2012, majibu yakatoka Mei 2013, na Januari 2014 tukatua Minneapolis, jimbo la Minnesota: mimi, mke wangu na watoto watatu. Wa kwanza wa kiume alikuwa na miaka 14, wa pili wa kike miaka 8, na kitinda mimba, wa kiume, miaka 3. Januari 2024 tulitimiza miaka kumi.

Nianze na pesa, maana najua ndiko mtakakokimbilia. Ada ya usaili ubalozini ni dola 330 kwa kila kichwa, hata mtoto mchanga analipiwa. Wakati ule kulikuwa na dola 165 nyingine kwa kila mtu za kutengenezewa kadi. Kwa watu watano hiyo ni dola 2,475, na dola ilikuwa inacheza kwenye shilingi 1,600. Weka vipimo vya afya, vyeti vya kuzaliwa vya RITA, vyeti vya polisi na tiketi za ndege. Tuliuza gari na kiwanja cha Goba. Leo tuna nyumba ya mkopo Brooklyn Park, tuna bima ya afya na akiba ya uzeeni. Kwa mishahara tuliyoiacha Dar tusingefika hapa, na kwa hilo sina ubishi na mtu.

Sasa yale niliyokuja kuyasema. Mtu mmoja akihama, amehama. Familia ikihama, mnashuka ndege moja lakini kila mmoja anafikia nchi yake.

Mimi nilikuwa mhasibu. Nilipofika nilibeba boksi kweli kweli, usiku, kwenye ghala, kisha nikahamia kutunza watu wenye ulemavu kwenye nyumba za matunzo, kazi ambayo Waafrika Mashariki wengi wa Minnesota wameipitia. Baadaye nilisoma jioni na nikarudi kwenye vitabu vya hesabu, ngazi ya chini kuliko niliyoiacha. Ilikuwa ngumu, lakini ngumu yangu ilikuwa na nafuu moja kubwa: mimi ndiye niliyejaza ile fomu. Hata nilipokuwa nasukuma toroli saa nane za usiku, nilikuwa ndani ya mpango wangu mwenyewe. Wenzangu wanne walikuwa ndani ya mpango wa baba.

Mke wangu alikuwa mwalimu wa Baiolojia sekondari, mwenye shahada yake. Wiki ya kwanza tu kila Mswahili tuliyekutana naye alimwambia neno moja: nenda uuguzi. Alianza na cheti cha CNA, yaani msaidizi wa muuguzi, akawa anawaogesha wazee kwenye kituo, huku akisoma masomo ya awali chuo cha jamii, mpaka akafika kwenye NCLEX, mtihani wa leseni ya uuguzi, na leseni ya RN, muuguzi kamili. Miaka yote hiyo yeye alikuwa shifti ya usiku na mimi mchana, kwa sababu kulipia malezi ya mtoto wa miaka mitatu kungekula mshahara wa mmoja wetu. Tulikuwa tunakabidhiana mtoto mlangoni. Ndoa inaweza kuishi hivyo, yetu imeishi, lakini naombeni wanandoa mnaotaka kuja mliongee hili kabla ya kupanda ndege. Humu nawafahamu walioachana si kwa ugomvi wowote, ila kwa sababu walikuwa hawaonani.

Wa mwisho hana nchi nyingine. Anaijua Machame, kwetu Kilimanjaro, kwa picha na kwa sauti ya bibi yake kwenye simu. Wa pili, aliyekuja na miaka minane, ndiye aliyepata kheri ya pande zote: Kiswahili kilikuwa kimeshashika, Kiingereza kikaingia bila jasho, na alipofika darasa la kumi na moja alijua mambo ambayo sisi wazazi hatukuyajua. Minnesota tangu 1985 ina mpango unaoitwa PSEO. Mwanafunzi wa sekondari anasoma kozi za chuo bure, serikali ya jimbo inalipa, na masomo yanahesabika kotekote. Binti yangu alimaliza sekondari akiwa tayari amebeba kozi za chuo.

Kaka yake alimaliza shule ileile ya umma bila kulisikia hilo neno PSEO. Nyumbani hapakuwa na wa kumwambia, na shuleni alikuwa amewekwa darasa la Kiingereza cha wageni, upande wa pili wa jengo.

Hapo ndipo nataka tukae. Huyu kijana alikuwa amemaliza Form Two. Alikuwa na timu yake ya mpira, marafiki wa tangu chekechea, na alikuwa ameanza kujulikana kwa jina lake mwenyewe na si mtoto wa fulani. Tulifika siku zile za baridi kali kiasi kwamba tarehe 6 Januari gavana alifunga shule za jimbo zima. Nchi mpya ilimpokea kwa mlango uliofungwa. Shule zilipofunguliwa aliingia darasa la tisa katikati ya mwaka, makundi yameshajipanga. Kiingereza cha Form One na Two alikuwa nacho, ila matamshi yake yalichekwa, akaamua kunyamaza. Akirudi nyumbani anamkuta mama amelala kwa ajili ya shifti ya usiku, baba hajarudi, wadogo wanataka kula. Akawa mzazi wa tatu akiwa na miaka kumi na minne. Barua za shule za wadogo zake alikuwa anazisoma yeye.

Kisha kuna jambo ambalo Dar hakuna mtu anayekuandaa nalo. Mwaka 2016, wakati anajifunza kuendesha gari, polisi walimuua Philando Castile huko Falcon Heights, amesimamishwa barabarani, mwanamke wake na mtoto mdogo wamo ndani ya gari. Mei 2020 akauawa George Floyd hapa Minneapolis. Aprili 2021 Daunte Wright, kijana wa miaka 20, akauawa Brooklyn Center, jirani kabisa na kwetu. Mimi nilikuja hapa nikiwa mtu mzima, nikajulikana kama mgeni mwenye lafudhi. Mwanangu amekua hapa kama kijana mweusi wa Marekani, na ile hofu imeingia mwilini mwake kwa namna ambayo kwangu haijaingia. Siku hizo mama yake hakuwa anapata usingizi mpaka asikie mlango wa gereji. Tulitoka sehemu moja, lakini kuhusu jambo hili yeye na mimi hatuishi nchi moja.

Mwaka 2019 nilitimiza sifa za uraia, nikaomba, nikala kiapo. Sheria ya Marekani inasema mtoto wa chini ya miaka 18 mwenye Green Card anayeishi na mzazi aliyepata uraia, anakuwa raia siku hiyohiyo. Wale wawili wadogo wakapita. Mkubwa alikuwa ameshavuka umri, anatakiwa kuomba mwenyewe, na mpaka leo hajaomba. Mke wangu naye alikataa, akasema mmoja wetu abaki na miguu nyumbani. Kwa hiyo nyumba yetu ina Wamarekani watatu na Watanzania wawili. Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima, wenzetu Wakenya wameruhusiwa na Katiba ya 2010.

Uzito wake niliuona mwaka 2022 mama yangu alipofariki. Nililipa dola 100 za viza, kiwango cha Mmarekani yeyote, ili nikamzike mama yangu kwenye kihamba, shamba la ukoo, alichonizalia. Mke wangu na mwanangu walipita dirisha la raia, mimi na wadogo tukapanga mstari wa wageni. Ofisa alikuwa na adabu zote na alinipa pole. Sina wa kumlaumu. Ila nilipofika kwenye kikao cha ukoo kuzungumzia kihamba, nilijua kabla ya mtu kufungua mdomo kwamba kisheria mimi siye wa kumilikishwa ardhi ile. Mwanzoni mwa 2025 Bunge limepitisha marekebisho ya Sheria ya Uhamiaji na Sheria ya Ardhi kuleta hadhi maalum kwa sisi wenye asili ya Tanzania. Nimeyapokea kwa furaha ya dhati.

Kitinda mimba wetu sasa ana miaka 14. Umri uleule wa kaka yake tulipotua. Namtazama: ana marafiki wa tangu chekechea, ana timu, ana chumba chake, anaanza kujulikana kwa jina lake. Ingekuwa leo mtu aje aniambie nimng'oe, nimpeleke nchi ambako atachekwa matamshi na kulea wadogo, nisingekubali kirahisi. Kwa mkubwa nilikubali kwa siku moja.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mwenye familia ni huu. Angalia umri wa mtoto wa kwanza kabla hujaangalia mshahara. Kama ni wa miaka 12 mpaka 17, aulizwe, asikilizwe, na miaka miwili ya mwanzo mzazi mmoja awe nyumbani jioni hata kama mtaishi kwa nusu ya kipato. Mtakula ugali na maharage mengi. Kuleni.

Nawasilisha. Maswali karibuni.

Mdau wa Mbagala:

Mkuu ahsante sana kwa uzi. Mimi nimechaguliwa, namba ya kesi ni nzuri, nina mke na watoto wawili. Mkubwa yuko Form Three. Nilikuwa nataka tuondoke kabla hajafanya mtihani wa Form Four. Wewe unasema nimwache? Na je, ningeweza kutomwandika kwenye fomu halafu nimlete baadaye?

Mleta uzi:

Mkuu, la pili nalijibu kwanza: usije ukajaribu. Mke na watoto wote wa chini ya miaka 21 wasio na ndoa lazima wawe kwenye ile fomu ya kwanza ya bahati nasibu. Ukimficha mmoja, familia nzima mnakataliwa kwenye usaili.

La kwanza: viza zenu zote zinatakiwa ziwe zimetoka kufikia tarehe 30 Septemba ya mwaka wenu wa bahati nasibu, ikipita hapo imepita. Kwa hiyo kumwacha kabisa amalize shule ndipo afuate ni hatari. Mimi naona aje nanyi, ila aje akijua anakuja kufanya nini, na asipangiwe kulea mdogo wake.

Binti wa Columbus:

Shikamooni wakubwa zangu. Mimi ndiye huyo mtoto wa kwanza, ila wa nyumba nyingine. Nilikuja Ohio 2009 nikiwa na miaka 13. Nimesoma uzi huu mara mbili, na naomba niongezee kutoka upande wetu.

Wazazi wetu hupima kuzoea kwetu kwa lafudhi. Ndani ya mwaka mmoja nilikuwa naongea kama wenzangu, mama akawapigia watu Tanga akasema mwanangu ameshazoea. Lafudhi ndiyo inayotangulia kukaa sawa. Mimi nilikuwa nakula chakula cha mchana chooni muda wote huo.

Pili, kutafsiri. Nilikuwa naenda na mama benki, ofisi za serikali, hospitali. Nikiwa na miaka 14 nilijua tunadaiwa kiasi gani na nani, nikawa silali. Halafu siku moja daktari aliniambia mimi, nimwambie mama, kwamba ana uvimbe kwenye kizazi na kinatakiwa kutolewa. Sikujua neno la Kiswahili la nusu ya vitu alivyosema, na mengine nilikuwa na aibu kuyatamka mbele ya mzazi. Nikampunguzia. Mama alisaini karatasi akiwa ameelewa robo. Nimekuja kujua nikiwa mtu mzima kwamba hospitali inayopokea pesa za serikali kuu inatakiwa itoe mkalimani bure, hata kwa simu. Nawaombeni wazazi, ombeni mkalimani. Mtoto anaujua Kiingereza, lakini habari hizo si saizi yake.

Tatu, ile sentensi ya "tumekuja huku kwa ajili yenu." Najua mnaisema kwa upendo. Kwetu ilikuwa kila alama mbaya ya hesabu inakuwa deni la mgongo wa mama. Nilisoma famasia kwa sababu ya ile sentensi. Naipenda kazi yangu sasa, ila miaka sita ya chuo niliisoma kwa woga.

Nampenda mama yangu na nisingetaka asije. Ninachoomba ni kimoja tu: baba, huyu kaka uliyemwandika, je, umemuuliza yeye mwenyewe?

Mleta uzi:

Marahaba binti yangu. Umesema mazito na nimeyapokea.

Nimemuuliza. Uzi huu hakuna mstari unaomhusu yeye ambao hakuusoma kabla sijauweka. Alibadilisha sehemu moja. Nilikuwa nimeandika kwamba miaka ya mwanzo alikuwa na tabia ngumu. Akaniambia, baba, sikuwa na tabia ngumu, nilikuwa na hasira, na hukuwa na muda wa kuniuliza hasira ya nini. Nikaifuta ile sentensi nzima.

Sasa hivi ni fundi umeme mwenye leseni. Alipita kwenye mafunzo ya uanagenzi, analipwa huku anajifunza, hana deni la chuo hata senti moja. Nilitaka aende chuo kikuu, yeye akasema amechoka kukaa nyuma ya darasa. Anakuja kula kwetu Jumapili. Tunaongea Kiswahili, na Kiswahili chake ni kilekile cha Form Two. Utani na misemo yake ni ya Dar ya 2013, na vijana wa rika lake kule wanamshangaa.

Mama wa Leeds:

Hamjambo ndugu zangu. Mimi ni Mkenya, niko Uingereza kwa kazi ya kutunza wazee. Nilikuja 2022 na mume na watoto wawili, enzi ambazo mlezi aliruhusiwa kuja na familia. Nataka wanaofikiria huku wajue mlango huo umefungwa. Tangu tarehe 11 Machi 2024 mlezi haruhusiwi kuleta mke, mume wala mtoto, na Julai 2025 wameacha kabisa kuchukua walezi wapya kutoka nje. Wauguzi waliosajiliwa bado wanaruhusiwa kuja na familia.

Mwenzangu kazini alifika baada ya mlango huo kufungwa. Mimi nikitoka shifti napika chakula cha watoto, yeye anawaona watoto wake kwa simu, wako na nyanya yao Kakamega. Kazi yetu ni moja, mshahara ni mmoja. Kwa hivyo kaka, unapozungumzia uzito wa kuhama na familia nakusikia kabisa, ila huku kuna wengi ambao wangetoa chochote waubebe huo uzito.

Na sisi tuliobahatika pia hatujatulia. Ahadi ilikuwa makazi ya kudumu baada ya miaka mitano. Mei 2025 serikali imetangaza mpango wa kuifanya iwe kumi. Kifungua mimba wangu ana miaka 15, ananiuliza kama atasoma chuo kama mkaazi ama kama mgeni, na karo za hao wawili hazifanani kabisa.

Mtoto wa Nyarugusu:

Nasalimia wote. Sisi hatukucheza bahati nasibu. Wazazi wangu walikimbia Fizi, Kivu ya Kusini, mimi nikazaliwa kambi ya Nyarugusu, Kasulu, na mwaka 2016 tukaletwa Louisville, Kentucky. Tiketi za ndege zilikuwa mkopo wa IOM, shirika la kimataifa la wahamiaji, usio na riba, tulilipa kidogo kidogo kila mwezi mpaka ukaisha. Msaada wa kupokelewa ulikuwa siku 90, baada ya hapo ni jasho lenu.

Mleta uzi, umesahau wazee. Katika nyumba yetu aliyehama mbali kuliko wote ni bibi. Alikuja na miaka 61. Kambini alikuwa na shamba dogo la mihogo, alikuwa anaongoza kwaya ya akina mama, mtu akifiwa yeye ndiye anayeitwa. Hapa tukienda kazini na shuleni anabaki na televisheni ambayo haielewi. Kilichomwokoa ni kanisa moja la Wakongo wanaosali kwa Kiswahili, na kipande cha ardhi ambacho chama cha wakimbizi kiliwagawia wazee kulima wakati wa joto. Analima lengalenga, yaani mchicha, na maharage. Kwenye miezi hiyo anakuwa mtu mwingine kabisa.

Uraia hajapata, Kiingereza hakimwingii. Lakini sheria inamruhusu mwenye miaka 55 au zaidi aliyekaa na Green Card miaka 15 kusailiwa kwa lugha yake. Kwake ni 2031. Anaihesabu hiyo miaka. Hajawahi kuwa raia anayetambulika popote kwa karatasi tangu atoke Fizi, na anasema anataka awe na karatasi kabla hajafa.

Wa Arusha, nilirudi:

Mkuu, heshima yako, lakini nipinge kidogo. Ushauri wa mzazi mmoja kukaa nyumbani jioni miaka miwili unasomeka vizuri, ila pale Houston tulipoishi sisi, kodi ya nyumba na bima ya gari haviulizi. Sisi tulipiga hesabu hizo na zikakataa. Tukarudi watoto wakiwa na miaka 7 na 5, nikajaza fomu I-407, nikarudisha Green Card yangu kwa hiari.

Watu walituona wendawazimu. Watoto waliitwa Wazungu darasani karibu mwaka mzima, na ada za shule za Kiingereza hapa Arusha si mchezo. Ila wanamjua babu yao. Wanagombana na binamu zao kila Desemba. Walizaliwa kule, kwa hiyo mlango wa Marekani wanao siku wakiutaka, na wataufungua wakiwa watu wazima wanaojichagulia. Nasema hili kwa ajili ya wale ambao wako huko na wanaona aibu kurudi. Ukiwa na watoto wadogo, kurudi ni njia halali kama njia nyingine.

Mdau wa Mbagala:

Mkuu mleta uzi, mama watoto anasemaje kuhusu haya yote? Maana umeandika nchi yake kwa aya moja tu.

Mleta uzi:

Ni kweli. Nimemsomea uzi wote jioni hii, yuko mapumziko leo. Naandika anavyosema.

"Mwambie aliyerudi Arusha kwamba namuelewa, na kama wetu wangekuwa wadogo wote ningelitaka hilo. Mwambie binti wa Columbus kwamba nimelia, na nitampigia mwanangu.

"Mimi nilipenda kufundisha. Uuguzi naufanya kwa moyo, na mwaka 2020 nilipokuwa kwenye kituo cha wazee, wakati wazee wanakufa kwa korona bila kuona watoto wao, nilijua niko pale kwa sababu. Lakini bado, nikipewa mgonjwa mpya wa kisukari nimfundishe kujichoma insulini na kupima sukari, hapo ndipo najisikia mimi. Wauguzi wenzangu wanajua, hao wagonjwa wananiachia.

"Kuhusu huyo mtoto wa Form Three, simkubalii mume wangu. Kuna kibali cha kurudi tena Marekani, kinadumu mpaka miaka miwili. Mwenye Green Card akikaa nje zaidi ya mwaka bila hicho kibali anaweza kuhesabiwa ameiacha. Akiwa nacho anaweza kukaa nyumbani akamaliza shule. Wetu alikuwa anaanza Form Three Januari 2014, Form Four angefanya Novemba 2015. Miaka miwili ilikuwa inamtosha kabisa. Angekaa kwa dada yangu Morogoro, angemaliza na wenzake, angekuja na cheti chake na heshima yake. Nilikisikia hicho kibali amekwishakuwa darasa la kumi na moja."

Hapa tumebishana, wakuu. Mimi nasema miaka miwili mbali na mama yake ingemjeruhi namna nyingine. Yeye anasema mtoto wa miaka 14 anaweza kumkosa mama na akapona, lakini kukosa watu wote kwa siku moja ni kitu kingine. Hatujamaliza, na nadhani hatutamaliza. Mdau wa Mbagala, mmemsikia kila mmoja, amueni na mtoto wenu akiwepo mezani.

Ameniambia niongeze haya ya kazi. Kibali hicho kinaombwa mtoto akiwa ndani ya Marekani, hakiombwi ukiwa Dar, na anatakiwa abaki mpaka achukuliwe alama za vidole ndipo aondoke, kwa hiyo tiketi ya kurudi isikatwe kwa haraka. Na kwa walimu na wote wenye vyeti: kabla ya kuondoka nenda chuoni kwako uchukue nakala kadhaa za matokeo zikiwa kwenye bahasha zilizofungwa na kugongwa mhuri, uulize na utaratibu wa chuo kuzituma moja kwa moja nje, na uthibitisho wa matokeo ya NECTA, baraza la mitihani, uufuatilie ukiwa bado nyumbani. Yeye alivifuatilia akiwa Minnesota, kwa simu, kwa kuwatuma wadogo zake, na vilimchukua karibu mwaka mzima ambao angekuwa ameshaanza chuo.